Mkutano Usiotafuta Mwenye Kosa

Kampuni yetu ilikuwa na vyumba viwili visivyopendana. Cha mbele, chenye madirisha ya barabarani, kilikuwa cha waandishi wa programu. Cha nyuma, chenye kiyoyozi na mlango wa chuma, kilikuwa cha watu wa mashine, wale tuliowaita bantu ya système: walilinda seva, nakala za akiba, nyaya, na jenereta pale umeme unapokatika, yaani karibu kila siku. Chumba cha mbele kilimaliza toleo jipya la programu, kikalipeleka nyuma Ijumaa saa kumi jioni, kisha watu wake wakachukua makoti wakaenda kwao. Programu ikianguka, wa mbele walisema mashine ni mbovu na wa nyuma walisema programu ni mbovu. Simu ya mteja ililia mpaka ikakatika yenyewe.

Wateja wetu walikuwa zahanati na maabara za Lubumbashi, pamoja na chache zilizo mbali zaidi. Programu yetu iliandikisha wagonjwa na kuhifadhi majibu ya vipimo. Mimi nilikuwa mwandishi wa programu kwa miaka mingi, nikajua kulalamika kama wenzangu wote wa chumba cha mbele. Kisha mkurugenzi alinipeleka Afrika Kusini kwa mafunzo ya wiki tatu, nikarudi na neno lililokuwa kinywani mwa kila mtu kule: DevOps. Niliwaeleza wenzangu hivi: anayeandika programu na anayeiendesha wawe timu moja, wafundishane kazi, na jambo likiharibika tusitafute mtu wa kumnyooshea kidole. Tutafute kilichomruhusu yule mtu kukosea, tukirekebishe.

Mkurugenzi alinisikiliza akiwa amekunja mikono. "Muzuri sana," akasema. "Fanya."

Mtu wa kwanza niliyemtafuta alikuwa mwanamke pekee wa chumba cha nyuma. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mama wa watoto wawili. Familia yake ilitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa hapa, katika komini ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi wenye jina sawa na la nchi, ambako baba yake alifundisha hesabu kwa miaka mingi. Alikuwa na daftari lenye jalada gumu. Upande wa kushoto wa kila ukurasa aliandika amri anayoipa mashine, na upande wa kulia aliandika kitu ambacho amri ile inaweza kuharibu. Sikuwa nimeona tabia hiyo hata kwa walimu wangu wa Afrika Kusini.

Nikamfanya mwalimu. Kila Jumanne aliwafundisha watu wa chumba cha mbele namna programu yao inavyoishi baada ya wao kuiacha: inavyokula nafasi, inavyokwama, inavyoamka umeme ukirudi. Alikuwa mkali. Mtu akichelewa alimwambia abaki mlangoni. Alhamisi wao walimfundisha kuandika programu ndogo za kufanya kazi zilizozoeleka. Baada ya miezi michache mlango wa chuma ulikuwa wazi mchana kutwa, na watu walikula bukari, ugali wetu, pamoja kwenye meza moja. Toleo jipya, lililokuwa likituchukua siku mbili za matusi, sasa lilichukua saa moja. Nilijivuna sana, na majivuno yale yalinifanya nitende jambo ambalo nitalieleza bila kulizungusha.

Kabla ya kufuta chochote, mfumo wetu uliuliza swali: andika jina la mashine unayotaka kuifuta. Watu wa mbele walilalamika kwamba swali lile linawachelewesha, maana mashine ya majaribio ilifutwa na kujazwa upya mara nyingi kwa siku. Mchana mmoja nililiondoa. Kazi yenyewe haikufika dakika tano.

Yule mama aliona. Alikuja mezani kwangu. Aliniita Yaya, kama wadogo wanavyowaita wakubwa huku kwetu.

"Yaya, ile swali inatukawisha, ni kweli. Lakini inatukamata mukono pia."

"Shiye si batoto, mama," nikamjibu, nikacheka.

Yeye hakucheka, lakini hakubishana. Mimi ndiye niliyekuwa nimesafiri.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Alhamisi, saa nne na nusu asubuhi. Umeme ulikatika, jenereta ikachelewa kuwaka, na kompyuta zote za chumba cha nyuma zikazima. Ziliporudi, madirisha ambayo yule mama alikuwa amefungua kwenye kioo cha kompyuta yake yalirudi kwa mpangilio mwingine: la mashine ya majaribio lilikuwa kulia, sasa lilikuwa kushoto, na kulia likawa la mashine ya wateja. Aliandika amri ya kufuta, kama alivyofanya mara nyingi, katika dirisha la kulia. Hakuna kilichomuuliza kitu.

Alivuka korido mwenyewe. Jambo hili ninataka lijulikane, kwamba hakuna aliyemtafuta wala kumshika. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono imeshika ncha za shati lake.

"Yaya, nimefuta. Si ile ya majaribio. Ni ile yenyewe."

Tulikimbilia nakala za akiba. Ya mwisho iliyo nzima ilikuwa na umri wa siku tisa. Diski ya akiba ilikuwa imejaa, na mashine ilikuwa ikituma onyo kila asubuhi, kama ilivyoamriwa, kwenye anwani ya mwenzetu ambaye alikuwa ameacha kazi na kuhamia Kolwezi. Hakuna aliyekumbuka kubadilisha anwani ile. Kazi ya kukumbuka haikuwa ya mtu yeyote.

Siku tisa za majibu ya maabara zilipotea. Ungedhani wauguzi wanayo kwenye daftari zao, lakini hapana. Sisi wenyewe ndio tuliowashawishi waache madaftari. Tulienda zahanati baada ya zahanati tukiwaambia karatasi inapotea, inaloa, inaliwa na panya.

Simu zilianza kabla ya mchana. Wauguzi wengi walikasirika kisha wakakubali kuwaita wagonjwa wapimwe upya. Mmoja hakukasirika. Alikuwa mwanamke mtu mzima, nilimjua kwa sauti. Aliniambia kuna mama aliyetoka Mitwaba, mbali sana na mji, na mtoto mgongoni, mtoto aliyevimba mikono na miguu, aliyelia akiguswa. Walimtoa damu, na damu ikaingizwa kwenye mashine ya maabara, na jibu likaingia kwenye programu yetu. Mama alikuwa amelala kwa ndugu, ndugu wakachoka naye, akarudi nyumbani akiambiwa atatumiwa jibu kwa njia ya padri.

"Mama ule alisharudia Mitwaba," muuguzi akasema. "Hana telefone. Tutamupata wapi?"

Nilimwambia tutajitahidi. Akakata simu.

Tulijitahidi kweli. Tulituma ujumbe parokiani, tukapigia mtu anayejua mtu. Hatukumpata. Mpaka leo sijui kama mtoto yule yupo.

Ijumaa nilimkuta yule mama wa chumba cha nyuma kwenye ngazi za nyuma, mahali watu wanapotokea kupata hewa. Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimwambia kwamba Jumatatu tutafanya mkutano wa aina ile niliyojifunza, mkutano usiotafuta mwenye kosa. Kila mtu ataeleza alichokiona na alichokifanya, saa kwa saa, nami nitaandika. Nilimwambia kwamba bila maelezo yake mkutano hautakuwa na maana.

"Hiyo karatasi itasomwa na nani, Yaya?"

"Ni shiye tu. Bantu ya équipe, timu yetu."

"Na patron?" Mkurugenzi ndiye tuliyemwita hivyo.

"Patron anataka tujifunze. Alishaniambia."

"Papa alikuwa anatuambiaka, shiye batoto yake: kama kintu imeharibika, weye usikuwe wa kwanza kusema ni miye. Alikuwa na sababu. Alishalala ku gare na bintu yake yote, na mama, na miye nikiwa mudogo, banangojea train ya kubapeleka kwabo. Kwabo, mahali hata hakuzaliwa."

"Ile ilikuwa zamani," nikasema.

Neno hilo lilinitoka kirahisi sana. Familia yangu ni ya kaskazini ya Katanga, na babu yangu alikuwa fundi wa reli. Miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, baba yangu aliwaona stesheni na magodoro yao, akatukataza tusiende kutazama. Sisi hatujawahi kuulizwa tunarudi lini kwetu. Yeye bado aliulizwa, sokoni na hata ofisini, kwa mzaha.

"Ninakuahidi," nikaongeza.

Akaniangalia. "Sawa," akasema.

Mkutano wa Jumatatu ulikuwa mzuri kuliko mkutano wowote niliowahi kuuona katika kazi hii, na ndiyo maana unaniuma. Yeye alianza. Alieleza polepole, bila kujipendelea: umeme, madirisha, mkono, amri. Alisema, "Niliyua mbele mustari iishe," akimaanisha alijua kabla amri haijamalizika. Kisha mkubwa wa chumba cha nyuma, mwanamume asiyewahi kukubali kosa mbele yangu, alisema yeye ndiye aliyepaswa kubadilisha anwani ya onyo. Kijana wa chumba cha mbele alisema yeye ndiye aliyezipa mashine mbili majina yanayotofautiana kwa herufi moja. Nami nikasema niliondoa swali. Tulikaa saa tatu. Mwishoni tulikuwa na mambo saba ya kurekebisha, na hatukuwa na adui.

Niliandika ripoti usiku uleule nikiwa bado nimechangamka. Sikuandika majina. Niliandika "mwendeshaji". Lakini tulikuwa na mwendeshaji mmoja tu zamu ile.

Siku mbili baadaye mkurugenzi aliniita. Wakubwa wa zahanati walikuwa wametoka ofisini kwake, vikombe vya chai vilikuwa bado mezani.

"Nipe ile rapport."

"Ni ya ndani, patron."

"Sasa miye niko wa inje?"

Nilisimama pale. Ningeweza kusema nimeahidi. Ningeweza kusema bado sijaimaliza. Nilirudi mezani kwangu, nikaichapisha, nikaibana kwa pini pembeni ili kurasa zisitawanyike, nikampelekea.

Ijumaa yule mama alipewa barua ya kufukuzwa kazi. Ilinukuu sentensi yangu, ndani ya alama za kunukuu: mwendeshaji alifuta data zote za wagonjwa bila kuhakikisha yuko kwenye mashine ipi. Aliisoma akiwa amesimama. Aliikunja mara nne, akachukua daftari lake, kikombe chake, na kitenge alichojifunika miguu wakati wa baridi ya Juni. Alipopita mlango wa chumba cha mbele hakuna aliyeinua kichwa. Mimi pia sikuinua.

Nilienda kwa mkurugenzi mchana, nimechelewa.

"Nilimuahidi," nikamwambia.

"Weye ulimuahidi. Miye sikuahidi muntu." Hakuwa na hasira. "Bateja banataka kuona kama tumefanya kintu. Sasa banaona. Na tena, ule atapata kazi kwabo."

"Kwabo ni Kenya, patron. Ni hapa. Ni dakika kumi na pikipiki."

Akachukua simu yake, akaanza kusoma ujumbe. Nikasubiri, kisha nikatoka. Sikuandika barua ya kuacha kazi. Niliifikiria njiani kurudi nyumbani, nikawaona watoto wangu wakifanya kazi za shule, nikaacha kuifikiria. Sina maelezo mazuri zaidi ya hayo.

Jumapili, baada ya misa, nilienda kwa yule mama, kule Kenya. Mama yake alinifungulia, akanipa kiti na maji, akaingia ndani bila kuniuliza nimetoka wapi. Yeye mwenyewe alikuwa uani, akikunja nguo za watoto. Hakuacha kukunja.

"Nilisoma karatasi yako mara tatu," akasema. Mtu fulani wa ofisi alimpa nakala. "Unayua nini niliona? Miye niko mule mwote. Mwendeshaji alifungua, mwendeshaji aliandika, mwendeshaji alifuta. Weye hauko."

"Nilisema mbele ya bantu bote kama ni miye niliondoa swali."

"Ulisema, ndiyo. Lakini uliandika nini?"

Nilikumbuka kabla hajamaliza kuuliza. Ripoti zetu tunaziandika kwa Kifaransa, lakini jambo hili ni lilelile katika kila lugha. Niliandika: swali la uhakikisho lilikuwa limeondolewa.

"Liliondolewa na nani, Yaya? Na upepo?"

Sikuwa nimefanya makusudi, hiyo ndiyo kweli yangu. Lakini mkono wangu ulijua. Kwake mkono uliandika alifuta. Kwa mkubwa wa chumba cha nyuma uliandika anwani haikubadilishwa. Kwangu, limeondolewa. Katika kurasa nne alikuwemo mtu mmoja tu aliyefanya kitu, na wengine wote tulikuwa hali ya hewa.

"Nilikosea," nikamwambia.

"Hapana. Miye njo nilikosea. Weye uliandika." Aliweka shati la mwisho juu ya rundo. "Kunywa mayi yako, Yaya. Mama atafikiri umekataa."

Nikanywa. Tukakaa kidogo tukizungumza habari za mtoto wake mkubwa, aliyekuwa na kikohozi. Aliponisindikiza hadi langoni alinipa mkono kama unavyompa mgeni.

Wiki hiyo niliandika ripoti ya pili. Niliweka sentensi moja juu kabisa: mimi niliondoa swali la uhakikisho, nilionywa, nikacheka. Nikaweka jina langu na saini yangu. Mkurugenzi alisoma mstari huo, akanirudishia karatasi juu ya meza. "Dossier imefungwa," akasema, maana yake kesi imekwisha. Jumanne iliyofuata niliisoma mbele ya timu. Nilipomaliza, mkubwa wa chumba cha nyuma aliuliza, "Sasa weye, utafukuzwa?"

"Hapana."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo mambo yalivyo, akarudia mashine yake.

Tangu siku ile kila kitu chetu kinaonekana kizuri. Tulirekebisha yale mambo saba, swali limerudi, onyo linaenda kwa watu wanne. Ukija kututembelea utaona kioo kikubwa cha kompyuta ukutani chenye taa za kijani, na mkurugenzi huwaleta wageni wakione. Lakini programu ikianguka, nikiita mkutano, naambiwa ni courant. Umeme ndio mkosaji wa kila kitu, kwa sababu umeme hauwezi kupewa barua. Ilinichukua muda kugundua kwamba watu wa nyuma walikuwa wameacha kutumia akaunti zao. Wote waliingia kwenye mashine kwa jina moja na neno moja la siri, ili kumbukumbu ya mashine isiweze kusema ni nani alifanya nini. Nilipowauliza, mmoja alinijibu kwa upole kwamba ni rahisi zaidi hivyo.

Na kulikuwa na siku ambayo nakala ya akiba ilishindikana tena. Aliyeona onyo alikaa nalo siku mbili. Mimi nililikuta kwa bahati, nikitafuta kitu kingine.

"Juu ya nini haukusema?" nikamuuliza.

"Nilikuwa nangojea muntu mwengine aone."

Safari hiyo hatukupoteza kitu.

Yule mama sasa anafanya biashara ya unga. Anaenda Mokambo, mpakani na Zambia, anarudi na magunia, anauza sokoni Kenya pamoja na dada yake. Aliomba kazi kwenye kampuni nyingine mbili za mashine hapa mjini. Zote zilipigia simu kwetu, na si mimi niliyepokea. Mke wangu hununua kwake. Mimi nilienda mara moja. Alinipimia unga vizuri, akauliza hali ya watoto. Aliniita Papa, kama anavyomwita mteja yeyote. Hakuniita Yaya.

Bado ninafundisha Jumanne. Watu wapya wakija ninawasimulia habari hii yote, pamoja na sehemu yangu, na ninawaambia kwamba sina uwezo wa kuwaahidi chochote. Wengine wananiheshimu kwa hilo, nadhani. Lakini kusema makosa yao, hawasemi zaidi.

Juma lililopita msichana mmoja wa chumba cha mbele aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango nyuma yake. Alikuwa ameona kosa katika kazi yake mwenyewe: kwa siku chache, vipimo vya zahanati moja vilikuwa vikionyesha tarehe isiyo sahihi. Alikuwa amekwisha kulirekebisha. Alitaka tu mtu mwingine aangalie kama amerekebisha vizuri. Nilivuta daftari na kalamu.

"Papa, tafazali," akasema. "Usiandike."

Nilifunga daftari. Tulilipitia pamoja mstari kwa mstari, mimi na yeye, na kazi yake ilikuwa sawa. Alinishukuru akatoka. Hakuna mwingine katika vyumba vile viwili anayejua kosa lile lilitokeaje.